Gari Lililopandishwa Mlima Kabla ya Kulipiwa

Miaka michache baada ya Uhuru, bibi yangu mzaa baba aliteremshwa mlimani kwa machela. Tumbo lilimkamata akiwa shambani, na wanaume wa kitongoji walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakapokezana mabegani mpaka chini barabarani, wakangojea lori la mkonge limfikishe hospitali. Alipona. Aliporudi nyumbani hakuwashukuru sana waliombeba. Alimwita baba na kumwambia kwamba yeye si mkungu wa ndizi, na kwamba hatabebwa hivyo tena akiwa hai.

Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge huko tambarare. Bei ya mkonge ilipoanza kuanguka, shamba lilipunguza watu, naye akarudi juu na kiinua mgongo chake. Watu walidhani atafungua duka. Wengine walidhani ataongeza vyumba. Yeye alisema atanunua gari dogo, jipya, la kukaa watu watano. Alishauriwa anunue gari la kazi, lenye magurudumu makubwa, linalofaa matope yetu. Akajibu kwamba mama yake alikuwa amekwishakaa juu ya mbao vya kutosha. Alishauriwa tena atafute gari kuukuu la meneja mmojawapo wa Kizungu, maana wengi walikuwa wanafunga mizigo na kuuza kila kitu. Hilo pia alilikataa. Magari ya mameneja aliyafahamu. Ndiye aliyekuwa akiagiza vipuri vyake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Same, nimeanza kazi mwaka uleule. Ilikuwa likizo, nikafuatana na baba na mama kwenda Moshi.

Duka la magari lilikuwa la Mhindi mmoja wa makamo, mwembamba, aliyevaa shati jeupe lililokunjwa mikono hadi kwenye viwiko. Aliongea Kiswahili kizuri bila haraka. Nje ya duka, chini ya kibanda cha mabati, kulikuwa na magari matatu. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye lile ambalo hakulitaka, akalizunguka kwa muda mrefu. Kisha akaligusa lile alilolitaka, la rangi ya maziwa, kana kwamba lilikuwa njiani tu.

"Na hili linauzwa?" aliuliza.

"Yote yanauzwa, mzee. Hilo ni elfu kumi na tisa."

Baba aliipita ile elfu kumi na tisa kama hakuisikia. Aliomba buti lifunguliwe. Aliuliza kuhusu tairi la akiba, akalibonyeza kwa kidole gumba. Aliuliza kwa nini saa ya kwenye dashibodi ilikuwa imesimama, na kama saa imesimama kitu gani kingine kimesimama. Muuzaji alijibu kila swali bila kuchoka. Mama alikaa kiti cha nyuma, akashuka, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Elfu kumi na tano," baba alisema mwishowe.

"Mzee, kwa elfu kumi na tano nitakupa gari lisilo na injini."

"Basi niambie bei ya lenye injini."

"Kwa sababu umetoka mbali, kumi na nane na nusu."

Hapo baba alimgeukia mama, wakaongea kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, pale pale mbele ya muuzaji. Sisi watu wa milimani tulizoea hivyo. Ukiwa mjini, lugha ya nyumbani ni chumba cha ndani, unaingia humo na kufunga mlango. Mama alimwambia kwamba gari ni zuri na viti ni laini, asisite kununua. Baba akamwambia kwamba anaweza kufika elfu kumi na saba na nusu, zaidi ya hapo ni kugusa fedha ya ada za wadogo zangu. Muuzaji alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo kwa kitambaa.

Waliporudi kwenye Kiswahili, bei ilianza kushuka. Baba alipanda mia mbili mbili, muuzaji akashuka kwa ukarimu ulionishangaza, kisha akasimama. Alisimama kwenye elfu kumi na saba na nusu, na hapo hakutikisika. Baba alitaja kahawa iliyopigwa na ugonjwa. Alitaja umri wake. Aliondoka hadi mlangoni, tukamfuata, na hakuna aliyetuita turudi. Ilibidi ajirudishe mwenyewe.

Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitakia kuku. Baba hakupenda mzaha huo, lakini ni kweli kwamba hakuweza kuondoka mahali akihisi ameshindwa bila kujua ameshindwa wapi. Alisimama akilitazama gari, kisha akasema:

"Hapa ni tambarare. Gari lolote hutembea tambarare. Mimi nakaa mlimani. Lilete kwangu. Likipanda mpaka uani bila kusimama, nalipa kumi na saba na nusu. Likisimama njiani, tunaanza upya."

Nilidhani muuzaji atacheka. Aliuliza tu barabara ikoje wakati ule wa mwaka, kisha akasema atakuja Jumamosi.

Alikuja peke yake. Sisi tulikuwa tumeshuka Same kumpokea, tukapanda naye, baba mbele, mimi na mama nyuma. Tambarare gari lilikwenda vizuri kabisa na baba hakulisifu. Tulipoanza kupanda, muuzaji aliingiza gia ya pili, halafu ya kwanza. Barabara yetu ya wakati ule ilikuwa kama iliyochongwa na mtu mwenye hasira: upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili vilele vya miti iliyoota bondeni. Kila kona baba alisikiliza injini kwa kichwa kilichoinama. Kwa jinsi nilivyomjua, alikuwa akiomba isimame.

Ilisimama. Kwenye kona kali kuliko zote mvuke ulifoka chini ya boneti, na muuzaji akazima gari, akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walitua mizigo yao kutazama. Mmoja alitupatia kibuyu chake cha maji. Muuzaji alingoja rejeta ipoe, akaifungua kwa kitambaa, akamimina maji taratibu. Baba aliegemea ukuta wa mawe, mikono nyuma.

"Limesimama," alisema.

"Limekunywa maji," muuzaji alijibu. "Hata punda hunywa maji."

"Punda sijakubaliana naye bei."

Wale wanawake walicheka, na muuzaji pia alicheka. Gari likawaka, likafika uani kwetu bila kusimama tena. Tulipokuwa tukishuka, mvua ikaanza, ile mvua yetu nzito ya kuleta utelezi, na kila mtu alijua kwamba gari lile halitashuka siku hiyo wala mwenyewe hataondoka.

Bibi alikuwa ameketi barazani. Hakuwa na Kiswahili kingi na hakuona sababu ya kukitafuta. Alimtazama mgeni aliyekuwa akipangusa matope kwenye viatu, akamsalimia kwa Chasu, salamu ndefu ya kumpokea mtu kutoka safarini, inayoulizia afya yake, ya nyumba yake na ya mifugo yake. Alimsalimia kama angemsalimia yeyote, hakutarajia jibu.

Muuzaji aliinamisha kichwa akaitikia. Aliitikia kila sehemu mahali pake, kwa Chasu ya watu wa Same, kisha na yeye akaulizia afya ya bibi.

Mvua ilipiga bati. Mama aliniangalia, kisha akaenda jikoni, ingawa hakukuwa na kitu cha kuharakisha jikoni. Nilimwona baba akirudi nyuma kimawazo mpaka Moshi, mpaka pale kwenye kitambaa na kioo.

Bibi pekee ndiye aliyefurahi. Alimkalisha mgeni karibu naye na kumhoji, na hivyo ndivyo tulivyopata habari zake. Alizaliwa Same, chumba cha nyuma cha duka la nguo la baba yake. Mama yake mzazi aliugua muda mrefu, naye mtoto akalelewa na mwanamke wa Kipare aliyefanya kazi pale. Mpaka anaanza shule, alisema, lugha hiyo ndiyo aliyoota ndoto kwayo.

"Ulisikia," baba alimwambia kwa Kiswahili.

"Nilisikia, mzee."

"Nilikuwa naongea na mke wangu."

"Ulikuwa unaongea dukani kwangu. Hukuniuliza kama najua. Ningekuziba mdomo?"

"Ungekohoa."

Mama alileta makande, na mambo yakaishia hapo, kwa sababu kwetu hapatajwi bei mbele ya chakula, wala mtu aliyelala chini ya paa lako hagombezwi mpaka atoke nje ya paa hilo. Baba, ambaye alimpandisha yule mtu mlimani ili amshinde, sasa alilazimika kumkaribisha sahani ya pili. Alifanya hivyo kwa adabu zote. Walizungumzia mvua, mkonge, na ushuru wa forodha. Mgeni alilala chumba cha mdogo wangu mmoja ambaye hakuwapo usiku ule.

Asubuhi kulikuwa kumekauka kidogo. Baba alimwongoza mgeni mpaka kwenye gari, hatua chache nje ya ua, na mama akafuata ingawa hakuitwa. Nami nilifuata. Bibi alikuwa ametutangulia. Aliketi kiti cha nyuma, khanga mabegani, mlango umefungwa, akitazama mbele kama aliyekwisha kuanza safari. Baba alipomwona alifumba macho kidogo. Hakuna namna ya kuponda bidhaa ambayo mama yako mzazi ameketi ndani yake.

Alianza hata hivyo. Alisema limesimama, mashahidi wapo. Muuzaji alisema limebeba watu wanne kwenye mlima ambao hata mbuzi huhema. Walizunguka hapo kwa muda. Ndipo mama akaingilia, kwa Chasu, akimtazama muuzaji usoni.

"Tusisumbuane," alisema. "Wewe umesikia bei yetu ya mwisho, ile ambayo mtu humwambia mke wake tu. Hatuwezi kuitoa tena masikioni mwako. Basi na wewe tuambie ile unayomwambia mke wako."

Muuzaji aliangalia chini bondeni ambako ukungu ulikuwa ukipanda. Nilidhani atajibu kwa Kiswahili, na kama angejibu kwa Kiswahili sidhani kama angetaja kitu. Alijibu kwa Chasu. Alisema limemgharimu elfu kumi na sita mpaka kufika Moshi, na kwamba akiuza chini ya kumi na sita na nusu mke wake atamwuliza kama alikwenda mlimani kutalii.

Kama alisema kweli sijui hadi leo. Baba naye hakujua, lakini alilipokea neno lile kama lilivyotolewa, bila kumwomba aape. Walikubaliana elfu kumi na sita na mia nane, pamoja na mazulia ya mpira ya kuweka chini na saa ya dashibodi itengenezwe. Walishikana mikono, baba akalipa, na yeye mwenyewe akamshusha mgeni Same kwa gari hilo. Saa haikutengenezwa, au ilitengenezwa ikasimama tena.

Tuliishi na gari lile miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Lilipeleka wajawazito hospitali, maharusi kanisani, na mara mbili maiti, jambo ambalo baba hakulipenda lakini hakulikataa. Bibi alilitumia zaidi kwenda Ndungu kumtembelea dada yake, akishuka na mikungu ya ndizi na kurudi na mchele. Hospitali hakwenda tena. Alifia kitandani kwake, mchana, baada ya kula.

Baada ya Azimio, kwenye mikutano ya nyumba kumi, lilizuka swali la mtu mmoja kumiliki gari kijijini. Baba hakuwa kiongozi wa chama wala wa serikali, kwa hiyo masharti ya viongozi hayakumgusa, lakini alijua kusoma nyuso. Alisimama akasema mgonjwa yeyote atapelekwa, usiku au mchana, mradi petroli ipatikane. Wakapiga makofi. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, ila sasa lilikuwa azimio.

Nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, jengo la yule muuzaji lilikuwa mojawapo. Alikuja kutuaga kabla ya kwenda ng'ambo. Safari hii alikuja kwa basi mpaka Same, na baba akashuka kumchukua. Alikaa barazani, pale pale, akauliza bibi amezikwa wapi, nikampeleka. Alisimama kidogo, akaokota majani makavu mawili matatu juu ya kaburi. Mama alimfungia ndizi kavu za safari.

Halafu vipuri vikaadimika, petroli ikawa ya foleni, na Jumapili alasiri magari yakakatazwa barabarani. Baba aliliegesha ua wa nyuma kwa msimu mzima, kuku wakalizoea. Mwishowe aliliuza kwa fundi mmoja wa Same aliyetaka kulifanya teksi. Alimtajia bei, fundi akasema sawa, na baba akarudi nyumbani akiwa amekasirika siku nzima kwa sababu yule kijana hakubishana.

Niliendelea kuliona mjini kwa muda, likiwa na mlango mmoja wa rangi nyingine. Baadaye nilihamishiwa shule ya Bendera, na nilipopita tena Same sikulikuta.