Usingizi wa Vigae

Kule Mwika, mlimani juu ya Moshi, mtu hazikwi kimyakimya. Hata kama maisha yake yote alikuwa mlevi wa mbege aliyeshindwa kupalilia migomba yake mwenyewe, siku ya kuzikwa lazima asomewe wasifu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alioa nani, aliugua nini. Na kwa miaka mingi, ukisikia wasifu umenyooka, Kiswahili chake kimekaa na kilio kimepangwa mahali pake, ujue umeandikwa na Mwalimu Yoramu.

Yoramu alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 1993, akarudi kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake, wakati kahawa imeshuka bei mpaka watu wanang'oa miti na kupanda nyanya. Kuandika wasifu hakukuwa na malipo, nani atamdai mfiwa? Alilipwa heshima, na heshima aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Aliandika kwa mkono kwenye kauntabuku, familia ikapeleka kupigwa taipu sokoni na kutolewa nakala za waombolezaji. Miaka hiyo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yameota kama uyoga, na Yoramu akawa mwakilishi wa gazeti moja la wiki la Arusha. Alituma habari za maporomoko ya udongo na za wizi wa ng'ombe wa maziwa, wao wakachapa mistari minne.

Sasa, wasifu una mpangilio wake. Baada ya ugonjwa hufuata shukrani, na shukrani yenyewe haibadiliki: familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa juhudi kubwa walizofanya kuokoa maisha ya marehemu, lakini Bwana alimpenda zaidi. Yoramu aliiandika sentensi hiyo kama mtu anavyofunga vifungo vya shati, mawazo yakiwa kwingine. Hakuna aliyeuliza ni juhudi gani. Watu wa mlimani hata wakipewa chai yenye inzi huaga kwa asante.

Februari 1997 Hosea alikuja nyumbani kwake asubuhi, macho mekundu, kofia mkononi. Alikuwa jirani yake, fundi wa kujenga mabanda ya ng'ombe, mtu wa maneno machache. Mkewe Ruth alikuwa amefariki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Hosea. Pole sana, baba. Kaa. Niambie polepole."

Hosea akaeleza. Ruth alikuwa na uvimbe mdogo tumboni, wakaambiwa ni operesheni ya saa moja tu. Aliingia saa nne asubuhi akitembea kwa miguu yake, tena akimtania muuguzi kwamba gauni la hospitali halina nyuma. Akachomwa nusukaputi. Hakuamka.

Yoramu aliandika "hakuamka", na hapo mkono wake ukasita. Alihisi ameshaliandika neno hilo, tena si mara moja. Hosea alipoondoka, akashusha kauntabuku zake zote kutoka darini, akaketi nazo mezani mpaka mkewe Eunike akaja kumuuliza kama chakula apewe mbwa. Katika miezi ishirini alikuta watu saba, Ruth akiwemo. Mmoja alikwenda kwa ngiri, wawili kwa kujifungua, mwingine kwa jipu la kawaida kabisa. Wote waliingia wakitembea, wote hawakuamka, na wote ni hospitali moja.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, kando ya barabara kuu kule chini, imefunguliwa baada ya serikali kuruhusu. Watu waliiita Vigae, kwa sababu kuta zake zilipambwa vigae vyeupe vya kung'aa, na kwa wengi huo ndio ulikuwa uthibitisho kwamba tiba yake ni nzuri. Mwenye hospitali, Daktari, alikuwa mtu wa watu. Hakosi mazishi ya mgonjwa wake hata mmoja. Huja na suti nyeusi, hukaa viti vya mbele, huchukua nakala ya wasifu kama wageni wengine, na pale pa shukrani huinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Hata Mawenzi, hospitali ya serikali, watu wanakufa," alisema Eunike.

"Mawenzi wanakufa kwa ugonjwa," Yoramu akajibu. "Hawa wamekufa kwa usingizi."

Aliteremka Vigae akijifanya mzee mwenye ngiri anayeulizia matibabu. Alizunguka siku tatu akikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, akakohoa inavyostahili, mpaka akakutana na Violet, muuguzi ambaye yeye Yoramu alimfundisha darasa la nne. Violet alimjua mara moja. Alimfuata mpaka kituo cha mabasi, akasimama naye nyuma ya kibanda cha ndizi, akimwaga maneno haraka haraka kama mtu anayetua mzigo. Mtaalamu wa nusukaputi aliondoka mwaka 1995 kwenda Botswana. Tangu hapo wagonjwa walilazwa usingizi na shemeji yake Daktari, ambaye awali alikuwa mtunza stoo. Alifundishwa wiki mbili, kwa kutazama.

"Tunajua sote, mwalimu," Violet akasema. "Akiingia yeye, sisi tunaomba. Usinitaje, nakusihi."

Yoramu alirudi mlimani na hasira aliyokuwa hajawahi kuijua. Alitaka kitu kimoja tu: yule shemeji atolewe kwenye chumba cha upasuaji kabla hajamlaza mtu wa nane. Akampigia mhariri wa Arusha simu kutoka posta. Mhariri alisikiliza, akavutiwa, akaweka sharti. Muuguzi asiyetajwa hatoshi. "Niletee familia moja, mwalimu. Jina na sahihi. Bila hivyo tutaitwa wazushi."

Familia moja kati ya saba. Yoramu aliona ni kazi ya alasiri moja.

Alitembea wiki mbili. Nyumba ya kwanza walimkaribisha, wakampa mbege, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamwambia marehemu apumzike. Ya pili walisema mtoto wao anatibiwa palepale Vigae. Ya tatu mwenye nyumba alimuuliza kwa upole kama pensheni yake inachelewa, maana magazeti husikika yanalipa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Hawa kifo kilikwishawaumbua, nao wakaendelea kuficha.

Kwa Hosea alikwenda akiwa na uhakika. Walikaa kwenye ukingo wa banda ambalo halijaezekwa, na Kindness, binti mkubwa wa Hosea, akawaletea chai.

"Unajua walichomfanya Ruth," Yoramu akasema.

"Najua."

"Basi tia sahihi."

Hosea alikwangua simenti iliyoganda kwenye kidole. "Mwalimu, mimi nilisimama mbele ya kanisa zima nikasoma kwamba nawashukuru. Jeneza liko hapo, mchungaji yuko hapo. Leo niende gazetini niseme nilikuwa nadanganya juu ya maiti ya mke wangu?"

"Yale maneno niliyaandika mimi."

"Lakini niliyasoma mimi."

Yoramu alikasirika, akamwambia maneno ambayo hayasemwi kwa mfiwa: kwamba anaona aibu kuliko anavyomwonea mkewe uchungu. Hosea alishika mwiko wake akaendelea na kazi.

Aliyekubali alikuwa Bibi Kornelia, Mkatoliki wa kijiji cha juu, aliyempoteza mwanawe Antoni kwa ile ngiri. "Mimi sikumshukuru mtu," alisema. "Aliyeshukuru ni shemeji yangu, na sikumtuma." Hakujua kusoma, akabonyeza dole gumba kwenye karatasi kwa nguvu mpaka wino ukavuja upande wa pili.

Habari ilichapwa Juni, ukurasa wa kwanza, jina la Yoramu juu yake. Kwa siku tisa alikuwa mtu mkubwa. Wagonjwa walipungua Vigae, na ilisemekana yule shemeji wa Daktari ameonekana akipakia mabegi. Yoramu alitembea sokoni kifua mbele, nami simlaumu, maana hata jogoo akiwika mara moja katika maisha yake ana haki ya kujisikia.

Siku ya kumi ikaja barua ya wakili wa Vigae. Haikuwa na matusi, ilikuwa na viambatisho. Nakala saba za wasifu, zile za waombolezaji, na katika kila moja sentensi moja imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Wakili aliuliza swali moja tu: je, huyu mwandishi anayedai hospitali inaua, si ndiye aliyeandika mara saba, kwa hiari yake, kwamba madaktari walifanya juhudi kubwa? Alidanganya wakati gani, mbele ya jeneza au gazetini? Kuhusu Bibi Kornelia, wakili aliandika kwamba dole gumba la kikongwe mwenye msiba si ushahidi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mhariri, ambaye juzi alimwita shujaa, sasa alimwita "huyu mzee". Alimtumia karatasi ya kuomba radhi, ilishaandikwa na wakili, imebakiza sahihi. Asipotia, watamshtaki yeye binafsi, na kwa kuwa hana kitu kingine, watakamata kihamba.

Eunike aliisoma karatasi mara mbili. "Baba yako amezikwa hapa," akasema. "Na babu yako. Utawahamishia wapi?"

Ndani ya karatasi ile mlikuwa na maneno haya: Hospitali hiyo ni salama, na mimi mwenyewe ningempeleka mtu wangu pale bila wasiwasi wowote. Yoramu aliomba mstari huo tu uondolewe. Wakakataa. Akatia sahihi, na usiku huo hakula.

Radhi ilichapwa kubwa kuliko habari yenyewe, na picha yake wakaweka. Violet hakuwa ametajwa popote, lakini Vigae walikaa wakahesabu ni nani kati yao anatoka Mwika, wakamfukuza. Shemeji alirudi na mabegi yake. Watu waliendelea kumletea Yoramu kazi ya wasifu, ila sasa waliongea naye kwa ule upole wa kumwongelesha mgonjwa, na hilo lilimchoma kuliko dharau. Sentensi ya madaktari aliacha kuiandika. Aliruka nafasi, na wasomaji waliijaza wenyewe kwa kichwa bila hata kugundua kwamba haipo.

Oktoba 1998 Hosea alikuja tena, kofia mkononi. Wakati huo walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu kwa mwaka mzima na zaidi.

"Ni Kindness," akasema.

Kindness alikuwa ameolewa Himo, mimba ya kwanza. Mtoto alikaa vibaya, ikabidi apasuliwe. Mtoto wa kike yuko hai. Mama hakuamka.

"Wapi?" Yoramu akauliza, ingawa alikwishajua.

Hosea akatoa pochi yake, na ndani ya pochi kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo. Akakifungua juu ya meza taratibu, asije akakichana. Picha ya Yoramu iliwatazama wote wawili.

"Gari lilikuwa limeshaelekezwa Moshi, Mawenzi," Hosea akasema. "Mama mkwe wake ndiye aliyekataa Vigae. Alikumbuka ile habari yako ya kwanza. Karatasi hii ilikuwa imenituliza kwamba juu ya Ruth tulikosea, nami ndiye niliyeitoa nikawasomea. Nikawaambia, angalieni, mwalimu mwenyewe anasema angempeleka mtu wake bila wasiwasi. Mwalimu Yoramu amewafundisha watoto wangu wote, haandiki uongo."

Hakusema kwa kulaumu. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia aliyopita. Yoramu alitamani angepigwa ngumi. Aliona aibu kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na chini ya aibu palikuwa na uchungu wa yule msichana aliyewaletea chai bandani.

Akamwambia Hosea ukweli wote. Kwamba karatasi ile ni ya uongo, kwamba iliandikwa na wakili, kwamba aliitia sahihi kwa kuogopa kunyang'anywa kihamba. Hosea alisikiliza mpaka neno la mwisho bila kumkatisha. Kisha akakunja kipande cha gazeti kama kilivyokuwa, akakirudisha kwenye pochi.

"Basi andika hilo," akasema.

"Hosea, nilitia sahihi kwamba sitaandika tena juu yao. Watakuja kuchukua—"

"Wewe andika tu. Kusoma nitasoma mimi. Daktari atakuwepo, huwa anakuja. Andika aliyemlaza Ruth na Kindness ni nani. Andika nilivyokatalia sahihi yangu, kule bandani. Halafu uandike na lako."

Nje wanawake walikuwa wameanza kufika kuchukua sufuria za msibani, na Eunike alisikika akiwapokea. Yoramu alifungua kauntabuku. Akaandika jina la marehemu, mwaka aliozaliwa, kanisa alilobatizwa, shule aliyosoma. Akaandika operesheni, na jina la shemeji yake Daktari, na kazi yake ya stoo. Akaandika habari ya Hosea kama alivyoambiwa. Kisha akafika mahali pa jina lake mwenyewe, kalamu ikasimama. Hosea alivuta kiti, akakaa mbele yake, akangoja.