Ng'ombe wa Winga wa Kushoto

Niliolewa na mashabiki wa mpira. Nasema hivi bila uchungu, maana ndivyo ilivyokuwa, na miaka iliyopita ni mingi. Siku hizi nalitazama jambo lile kana kwamba lilimpata mtu mwingine.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi pale Homa Bay, si mbali na gati, nami nilikaa kando yake nikitia vifungo. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Jioni wanaume walikusanyika pale barazani kuzungumzia timu ya mji. Mechi yenyewe waliimaliza haraka. Walichokipenda ni nani anakuja, nani anaondoka, na nani angefaa kuwa kocha. Wachezaji wetu karibu wote walikuwa watu wa serikali: makarani, askari jela, madresa, wale wafunga vidonda wa hospitali. Kwa hiyo mchezaji hakununuliwa, alihamishwa kazi. Karani akipelekwa wilaya nyingine, magoli yake nayo yameondoka. Meli ilipofika kutoka Kisumu, watu wetu walimtazama kila kijana aliyeshuka na sanduku la kazini, wakampima miguu kwa macho.

Mkuu wa uvumi alikuwa fundi baiskeli, jirani wa baba pale barazani. Mengi aliyoyasema hayakutokea, lakini likitokea moja lilimtosha mwaka mzima. "Lisemwalo lipo," alipenda kusema, "na kama halipo, laja."

Jioni moja akaja na jipya: winga wetu wa kushoto anatakiwa Kisumu. Winga huyo alikuwa karani wa ofisi ya kilimo, mtu wa ng'ambo ya ghuba, mpole, yatima, asiye na mifugo.

"Omera, ndugu yangu, shida ni moja," fundi baiskeli akamwambia baba. "Huyu ni kapera. Kisumu wakimwita tu, ameenda. Lakini mtu akioa hapa, si ataomba serikali imwache hapa?"

"Aoe na nini?" baba akauliza. "Hana hata mbuzi."

"Sisi tuko."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimebana pini mdomoni, kwa hiyo hata kama ningekuwa na la kusema nisingelisema.

Kwetu hakuna ndoa bila ng'ombe, na wanaomchangia bwana harusi asiye na baba ni ndugu zake. Mashabiki wakajifanya ndugu. Fundi baiskeli alileta mtamba mwekundu, mchuuzi mmoja wa samaki akaleta fahali mdogo, wengine wakaungana kununua. Baba aliwapokea kwa furaha mara mbili, maana alipata ng'ombe na winga akabaki. Mama peke yake aliniuliza kama nimemwona yule mtu. Nikamjibu kuwa nimemwona akipiga kona. Hilo likachukuliwa kuwa ndiyo.

Sikujua kwamba mwenye ng'ombe anapata na mdomo. Waliniita "mke wetu". Walipita jikoni kwangu kabla ya mechi kuangalia ninapika nini. Timu ikifungwa walikuja kuniuliza ninamlisha nini huyu mtu mpaka miguu imekuwa mizito. Nilipochelewa kupata mimba walilijadili pale barazani, katikati ya habari za golikipa na habari za mabeki. Baba alikuwepo, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

Mume wangu mwenyewe nilimpenda. Nalisema wazi, kwa sababu katika habari hizi zote hakuna aliyewahi kuniuliza. Alirudi kazini, akavua viatu, akaketi karibu na moto kunimenyea viazi, na hakutaja mpira hata kidogo. Nilidhani amenipa mimi saa ile, na nikaithamini.

Kisha timu ikaanza kupoteza mechi, na barazani wakaanza kumtafuta mchawi. Kocha wetu alikuwa sajini wa jela, mtu wa filimbi na kukimbiza watu mlimani. Fundi baiskeli akaamua sajini amepitwa na wakati. Wiki baada ya wiki walimponda, wakatuma wajumbe kwa wazee wa kamati, hadi sajini akachoka, akawarudishia filimbi. Mahali pake wakapata mwalimu wa shule kutoka upande wa Asumbi, kijana msomi aliyechora mpira kwa chaki. Mwalimu alitaka winga anayerudi nyuma kukaba. Mume wangu hakuwa wa kurudi nyuma. Akawekwa benchi, na mashabiki waliotoa ng'ombe ili abaki walipita mbele yake uwanjani wakitazama kando.

Habari ya uhamisho niliisikia kwa fundi baiskeli. "Mke wetu, mume wako anaenda Migori." Nikacheka, kwa kuwa nilimjua kwa uvumi wake. Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu anakunja suruali zake. Alikuwa ameomba mwenyewe.

Migori! Afadhali angekwenda Kisumu. Timu ya Migori ilikuwa na wachimba dhahabu wa Osiri, wanaume waliocheza kama wanavunja mwamba, na ndio waliotutoa jasho kila mwaka. Mume wangu akatangulia kutafuta nyumba, mimi nikarudi kwa baba kumsubiri aniite.

Kabla hajaniita, mashabiki wakaja nyumbani wakitaka ng'ombe wao.

Baba alijua mila. Ng'ombe hurudi mke akimwacha mume. Mume akiiacha timu, hawarudi. Na ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha. Nilikaa mlangoni nikingoja aseme maneno hayo. Hakuyasema. Yeye pia aliumizwa na habari ya Migori, pengine kuliko wote.

"Wuon nyako," fundi baiskeli akamwambia, ndiyo kusema baba wa msichana, "hatutaki ugomvi. Hata kuswaga ng'ombe si lazima. Kuna kijana wa Takawiri, anaanza kazi hapa mwezi ujao. Mguu wa kushoto ni moto! Na hana mke."

Nilimtazama baba. Alikuwa anafikiri. Niliumia siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya ujana wangu, kwa sababu niliuona uso wake na nikajua hafikirii habari yangu. Aliuliza, "Anakaba?"

Hapo mazungumzo yakashika moto. Mmoja akasema kijana ni mzuri lakini mwalimu atamharibu. Mwingine akasema mwalimu mwenyewe hafiki Krismasi, kamati imeshachoka naye, sajini atarudi. "Na sajini akirudi," akasema fundi baiskeli, "hata yule wa Migori tunamrudisha! Ofisi ya kilimo nina mtu." Wakaanza kupanga timu, winga mmoja kushoto, mwingine kulia. Mimi nikaingia ndani, nikafunga nguo zangu na sufuria mbili, nikapita katikati yao na mzigo kichwani. Mama alinisindikiza hadi basi. Wengine hawakuuliza ninaenda wapi.

Ng'ombe hawakurudishwa. Walidaiwa hadi wadai wakachoka. Mtamba mwekundu alikuwa na mimba, na baba hakuwa mtu wa kuachia ndama.

Nilifika Migori jua likizama. Mume wangu alifurahi kweli, akanitua mzigo, akanipa maji. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na nje alikuwa amenijengea mafiga. Nikakaa. Nilikuwa na mengi ya kumweleza: baba, ng'ombe, yule wa Takawiri. Akachuchumaa mbele yangu, na macho yakamng'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona pale karibu na moto.

"Ati kamati inamfukuza mwalimu?" akauliza. "Sajini anarudi?"

Nikanywa maji yote kwanza.

"Wapi!" nikamwambia. "Wanampenda sana. Wamemjengea nyumba. Yule atazeekea pale."

Aliniamini. Akainuka taratibu, akaenda kutafuta kuni.