Kasha la Gitaa la Baba

Mama yangu alinigusa shavu kanisani, mbele ya watu, na nusura nipige yowe.

Hakunifinya. Hakunizaba kofi.

Tatizo lilikuwa vidole vyake.

Nianzie mbali kidogo, maana wengi wenu mnanijua kwa ule wimbo tu, na ule wimbo ndio kesi yenyewe.

Naitwa Retha. Nimezaliwa milimani, mashariki mwa Kentucky, kwenye bonde ambako jirani anajua umepika nini kabla hujapakua. Umbea ndio redio yetu, na mimi ni fundi wake, sikatai.

Baba alikuwa mchimba makaa ya mawe. Vumbi la mgodi lilimla mapafu, akafa, akaniachia gitaa jeusi lenye mkwaruzo ubavuni, ndani ya kasha lake la mbao.

Sauti nilirithi kwa mama, Bi Ocie. Kanisani kwetu hakuna kinanda wala gitaa. Mzee Burl anatoa mstari wa wimbo haraka haraka kama dalali mnadani, kisha kanisa zima linaupokea na kuuvuta polepole, kila mtu na njia yake, mpaka vinyweleo vinasimama. Sauti ya mama ilipita juu ya zote.

Kila nilichowahi kutunga kimetoka pale, au jikoni kwake akimenya viazi.

Basi ujana ukanipeleka kuimba kwenye baa ya wilaya jirani, maana wilayani kwetu pombe haiuzwi. Jumamosi moja nikachukua wimbo wa kanisani, nikaubadilisha maneno, ukawa wa mlevi aliyekimbiwa na mke. Watu wakagonga meza. Nilipigia gitaa la baa, la baba nililiacha nyumbani.

Habari zikafika nyumbani kabla yangu.

Nilimkuta mama mbele ya jiko la makaa, shoka limeegemea ukutani.

"Umemchukua Mungu ukaenda kumchezesha kwenye bia," akasema.

Nikauliza gitaa liko wapi. Akaonyesha jiko kwa kidevu.

Nikafungua mlango wa jiko. Ndani ya majivu niliona bawaba mbili na vifungo vya kasha, vyekundu kwa moto.

Niliondoka siku ile ile. Miaka kumi na moja sikukanyaga pale.

Nashville, mji wa muziki, nikaosha vyombo, nikaimba kwa yeyote mwenye masikio. Huko ndiko nikatunga wimbo wa mama aliyelichoma gitaa la marehemu. Jukwaani nilikuwa nasema, "Kila neno ni kweli tupu." Watu wanalia, mimi nalia. Redio zikaupiga mpaka kule bondeni.

Binamu yangu Dreama, mwenye saluni, ndiye alikuwa ananipa habari kwa simu. Akaniambia dukani mama wamembatiza jina, Bi Kiberiti. Kwamba wakimwita hivyo, anachukua unga wake wa mahindi, anaaga vizuri, anatoka.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mwaka jana Dreama akapiga tena. Sauti haikuwa ya umbea. Akasema shangazi yake, yaani mama, amekonda, daktari hatoi matumaini, na Jumapili inayokuja ni ibada ya kukumbuka marehemu wa familia, jina la baba litasomwa.

"Njoo au usije," akasema. "Ila ukija tukiwa tumeshamzika, usilie karibu na mimi. Nitakucheka."

Nikaenda.

Sasa, kanisani kwetu wimbo wa mwisho hauimbwi kwa kukaa. Watu wote wanazunguka wakipeana mikono huku wakiimba. Asiyekupa mkono, basi, amekufuta. Nilisimama karibu na ukuta. Wanawake wakanipa vidole viwili viwili, kama wanashika samaki.

Mama akaja. Akanishika mkono kwa wake wa kulia. Wa kushoto akauweka shavuni kwangu.

Ncha za vidole vinne zilikuwa ngumu kama punje za mahindi makavu. Kidole gumba, laini.

Mpiga gitaa yeyote anajua zile ni sugu za kubonyeza nyuzi. Ukiacha nyuzi miezi michache tu, zinakwisha.

"Mama," nikanong'ona, "liko wapi?"

Akamaliza mstari kwanza.

"Imba," akasema. "Watu wanatuangalia."

Nyumbani akapiga magoti kwa shida, akalivuta kutoka chini ya kitanda, limeviringishwa blanketi la viraka. Jeusi. Mkwaruzo ule ule. Nyuzi mpya.

"Nilichoma kasha," akasema. "Gitaa bila kasha haliendi mbali, mvua ya huku unaijua. Nilidhani utakaa."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii wanakutukana kwa ajili yangu."

"Ningesema lipo, ungekuja kulichukua. Mimi ningebaki na nini?"



Kisha akalipakata, na kwa sauti ile ile ya kanisani akaimba wimbo wangu. Ule ule wa kumchamba. Wote, mpaka mwisho.

"Mzuri," akasema. "Ila ubeti wa pili una neno limezidi."

Kumbe Dreama, mtu asiyeweza kutunza hata siri ya chumvi, alikuwa anamletea nyuzi miaka tisa. Nilipomfokea akaniambia shangazi alimwapisha juu ya Biblia.

"Halafu wewe hukuwahi kuuliza anaendeleaje," akaongeza. "Ulikuwa unacheka."

Nilitaka kutangaza ukweli redioni. Mama akakataa. Siku alipobatizwa aliahidi mbele ya kanisa kwamba hatashika chombo cha muziki, na ahadi ile aliivunja kwa sababu yangu. Akasema hiyo ni kati yake na Mwokozi, nisiwape wa dukani cha kutafuna.

Ametutoka mwezi wa pili. Mzee Burl alitoa mstari, kanisa likapokea, na juu ya sauti zote palikuwa na pengo. Niliomba ruhusa kwake kaburini, ndipo nikaandika haya.

Bado jukwaani wananipigia kelele niuimbe wimbo ule. Siuimbi. Nilimfanya mama kuwa Bi Kiberiti kwa ushahidi wa bawaba mbili.

Kabla hujamtungia mtu wimbo, au kumsimulia saluni, nenda kamshike mkono kwanza.

Gitaa ninalo. Kasha sijanunua. Mawingu ya mvua yakitanda, narudi nyumbani.