Nilimdanganya Wifi Yangu Maana ya Arus

"Dada, nilikukosea wapi?"

Wifi yangu aliniuliza hivyo nyuma ya jikoni, rangi ya kijani ikiwa bado imemganda kwenye kucha. Mimi niliyezoea kubishana na wahadhiri mpaka wanaangalia saa, niliinama nikaanza kusugua sufuria iliyokwisha oshwa. Hakuwa amenikosea popote. Kosa ni langu, na nalikiri mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ninajua sana!

Kwetu ni upande wa Roret, kwenye vilima vya chai. Baba alifariki tukiwa wadogo, na Mama akatulea mimi na kaka yangu kwa majani chai na maziwa. Mwishowe alijenga nyumba ya mawe aliyoiota miaka yote. Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi, niko nyumbani nachuma majani na wanawake waliowahi kunipigia makofi nilipohitimu.

Kaka alikuwa ameoa msichana kutoka Kisii. Nitamwita Moraa, ingawa si jina lake. Kipsigis, lugha yetu, alikuwa anajifunza polepole, lakini Mama alimpenda mno. Ungewasikia wakicheka jikoni! Nikiingia, wananyamaza kidogo na kunipisha, kama mtu anavyompisha mgeni. Nilikaa kwenye kitanda nilicholalia tangu utoto na kujiuliza ni lini nimekuwa mpangaji.

Nyumba ilipopigwa plasta, Mama alimwachia Moraa kazi ya kuchagua rangi. Hakuniuliza mimi. Alisema Moraa ana jicho.

Na kweli alikuwa nalo, ingawa wakati ule ningekatwa ulimi kabla ya kukubali. Alipaka vipande vidogo ukutani karibu na dirisha, akawa anavitazama asubuhi jua likiwa kali, kisha alasiri mvua yetu ikishuka na nyumba kuwa giza. Alisema vyumba vya kulala viwe na rangi iliyopoa, kwenye korido apake krimu ili mwanga utembee, na rangi ya sebule ionekane kidogo katika kila chumba, kwenye pazia au kwenye kiti, ili nyumba isiwe kama watu wanaogombana.

Nilimuuliza ni nani alipima akagundua kwamba rangi inaleta amani. Nikauliza utafiti uko wapi. Moraa alitabasamu, akasema hajui utafiti, anajua tu kwamba nyumba ya mama yake mzazi ilikuwa nyekundu na kila mtu alikuwa anafoka. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Mimi sikucheka. Wivu ulinitoa nje, nikachukua kikapu nikarudi shambani.

Basi Mama akaenda Chebunyo kumuuguza dada yake, akaacha maneno kwamba akirudi tutaita watu wa kanisa waiombee nyumba. Kaka naye alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha chai Mogogosiek, msimu wa majani mengi, anarudi amechoka na kulala bila kuangalia ukuta.

Moraa akanijia shambani.

"Dada, vyumba vingine Mama kaniachia, ila sebule anataka iwe arus. Hiyo arus ni rangi gani?"

Mtoto yeyote wa Kipsigis aliyechunga ng'ombe anaijua arus. Ni rangi ya ng'ombe, kijivu kinachoelekea bluu, kama moshi unaotoka kwenye paa asubuhi. Ng'ombe aliyenilipia karo ya sekondari alikuwa wa rangi hiyo. Nilijua kwa nini Mama anaitaka. Na niliona hapo hapo jinsi Moraa angesifiwa kwa kumpa.

"Ni kijani," nikamwambia. "Kile kikali. Kama majani chai."

Alisita. Akatazama mashamba yaliyotuzunguka, kijani juu, kijani chini.

"Kijani na ndani tena? Una hakika, dada?"

"Hiyo ni lugha ya mama yangu, Moraa. Si yako."

Akapaka. Nilimwona akimsaidia fundi kwenye pembe, na ninaona aibu kusema kwamba siku hizo nilikula vizuri.

Mama alirudi asubuhi ile ile ya maombi, wageni wakiwa wameanza kuingia. Alisimama mlangoni pa sebule, mfuko bado mkononi.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyeanza. "Kumbe siku hizi chai inapandwa mpaka sebuleni? Leteni vikapu, tuchume tukingoja chakula."

Mwingine akadakia kwa kanuni ya wachuma chai, "Majani mawili na kichipukizi tu, jamani, msiharibu ukuta wa watu."

Watu wakaangua kicheko. Kisha Shangazi akasema, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, kwamba ukimwachia mtu wa mbali nyumba atakupakia shamba.

Mama akamgeukia Moraa, mpole kabisa. "Mwanangu, hii si arus. Nani alikuambia arus ni hii?"

Moraa alinitazama. Nami nikageuka kuwapangia wageni viti.

"Nilielewa vibaya, Mama. Nilikosea mimi."

Baada ya hapo ndipo aliponifuata nyuma ya jikoni na swali lake.

Hakunisema kwa mtu. Lakini hakucheka tena jikoni, na kabla ya mwaka kuisha alimwomba kaka wahamie Mogogosiek, karibu na kiwanda. Nikapata nilichotaka. Mama akawa wangu peke yangu! Na Mama wangu huyo akawa anakula jikoni, anapokea wageni kwenye veranda, na sebule aliyoiota miaka yote haikaliwi na mtu. Nilijitolea kuipaka upya. Akasema tuiache.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu nyumbani kwenu anayependwa na moyo wako unachacha, uliza kila kitu kama mimi, lakini anza na moyo wako. Usimnyime mtu neno la lugha yako akikuomba. Huyo anabisha hodi, na wewe unamfungulia choo!

Ilinichukua muda mrefu kumwambia Mama ukweli. Tulikuwa tunakamua ng'ombe. Hakukasirika, aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa, ndipo akaniambia kwamba alimpa Moraa neno lile makusudi bila maana yake, akamkataza kumuuliza yeyote, hata mumewe, isipokuwa mimi, kwa sababu alitaka rangi ya sebule yake itoke mikononi mwa binti zake wawili.