Umefunga au Umekata

"Sio kwamba hawezi, Mjomba, ni kwamba hakuna aliyemfundisha," nilimjibu kwenye simu. Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya Bibi, maana pale Mandawa mtandao unashika hapo tu. "Mtu anayekaanga korosho kwenye moto mkali, mafuta yanamrukia, atashindwa kushusha swichi?"

"Mama yangu ukuta umeshamrusha," akasema Mjomba. "Kesho nakuja na kirikuu, nabeba vitu vyake, anahamia Nachingwea kwetu. Wewe nilikutuma ukamfungashie mizigo, sikukutuma uite fundi."

"Nimeshamwita."

"Umeshafanya nini?"

"Yuko uani anakunywa chai."

Simu ikakatwa. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Mimi naishi kwa Mjomba tangu nilipomaliza kidato cha nne, na mambo ya kusubiri sijaumbiwa. Lakini safari hii sikuwa na haraka tu, nilikuwa na hofu. Bibi hakutaka kuhama. Alishaniambia wazi, "Nachingwea nitakuwa mgeni wa mkwe wangu. Nitaomba hata chumvi." Mjomba naye alikuwa na hoja. Masika yaliyopita ukuta wa sebule ulinyonya maji, Bibi akauegemea akiwa na ndoo mkononi, umeme ukamrusha mpaka ndoo ikamwagika na yeye akakaa chini. Akachukua mchi wa kinu, akashusha nao mkono wa meni swichi, ile ya zamani ya kisanduku cha chuma. Taa zote zikazima. Akarudi kugusa ukuta kwa kidole kimoja, na ukuta ukamng'ata tena.

Tangu siku hiyo alihamia kulala kwenye banda la jiko. Akasema umeme wa nyumba ile una akili yake, ukiuzima unajificha ukutani. Mimi nikamwambia haiwezekani, swichi ikishushwa umeme umekwisha, tulisoma. "Basi kauguse," akasema. Sikuugusa.

Fundi alikuwa ametoka Ruangwa mjini na mwenzake kwenye pikipiki moja, ngazi wameibeba ubavuni. Yeye Mmakonde, Bibi Mmwera, kwa hiyo utani ulianza kabla ya salamu kuisha.

"Mtani, nasikia umepigwa na ukuta wako mwenyewe."

"Umenipiga kwa sababu ulijengwa na Mmakonde," Bibi akajibu. "Ingia, lakini usije ukaniibia kuku."

Baada ya chai, tulipoingia ndani, fundi hakugusa kitu. Alitoa testa, bisibisi ndogo yenye kitaa ndani ya mpini, akachomeka kwenye soketi. Mkono wa swichi ulikuwa umeshushwa tangu masika. Taa za nyumba zilikuwa zimezima. Na kile kitaa kikawaka, rangi ya chungwa, kidogo kama punje ya ufuta.

Tulikuwa tumesimama kwenye giza lenye umeme ndani yake.

"Umeme unakuja kwa nyaya mbili," fundi akaniambia. "Mmoja unaleta, mmoja unarudisha. Meni swichi kazi yake ikate zote mbili kwa pamoja. Hii yenu nadhani inakata unaorudisha peke yake. Taa inakosa njia, inazima. Lakini ule unaoleta uko palepale, unasubiri mtu."

Bibi alikuwa mlangoni. Akanitazama, akakohoa kwa maana.

Sasa ili aitoe ile ya zamani, ilibidi umeme ukatwe kwanza huko unakotokea, kwenye breka iliyo chini ya mita, ukuta wa nyuma. Fundi akamtuma mwenzake, "Nenda kafunge kule." Kile kisanduku cha breka mfuniko wake ulikuwa unaning'inia, nyigu wamejenga ndani, kwa hiyo mwenzake alikuwa na kazi mbili: kutoa nyigu na kushughulika na breka. Sisi tuko sebuleni, yeye nyuma, hatuonani. Bibi akasimama mlango wa uani katikati awe anafikisha maneno.

Muda ukapita. Mimi nikaanza kutikisa mguu.

"Bibi, muulize, kafunga?" fundi akaita.

"Umefunga?" Bibi akapaza sauti.

"Nimefunga!" ikajibu sauti ya nyuma.

"Kafunga," Bibi akasema.

Fundi akafungua kisanduku cha swichi, nyaya nene zikaonekana. Akatoa tena testa.

"Fundi, si kasema kafunga?" nikasema. "Tuendelee, jua linakwenda."

Fundi akagusisha ncha ya testa kwenye waya wa juu. Kitaa kikawaka.

Fundi alirudisha mkono wake taratibu, kama mtu anayeurudisha kutoka karibu na nyoka. Halafu akatoka mbio kwenda nyuma, na mimi nyuma yake. Mwenzake alikuwa amekaa kwenye tofali anajifuta jasho, ametulia kabisa.

"Si umesema umefunga?"

"Nimefunga. Huo hapo." Akaonyesha mfuniko. Umekaa vizuri, skrubu zote zimekazwa. "Nilidhani unauliza mfuniko."

"Umeme, ndugu yangu! Umeme!"

"Ungesema nikuzimie, ningezima. Mimi kufunga umeme najua ni kuuweka kwenye nyumba."

Kweli hakuna aliyedanganya. Na Bibi, ambaye Kiswahili alikikuta ukubwani, akaja anajifunga khanga upya na kutuangalia sote mmoja mmoja.

"Neno gani hili la kwenu?" akasema. "Mlango mnafunga. Mzigo mnafunga. Umeme ukiingia mmefunga, ukitoka mmefunga. Kwetu kufunga mlango na kufunga mzigo ni maneno mawili, huwezi kuchanganya. Mimi niliposikia kafunga nikajua leo Alhamisi, kafunga swaumu, ndiyo maana kakataa chai."

Mwenzake fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi naye akacheka.

"Kuanzia sasa," akasema, "ni kukata na kurudisha. Asitamke mtu neno jingine."

Mfuniko ukafunguliwa. "Umekata?" Bibi akaita. "Nimekata!" Testa ikagusa waya wa kwanza, wa pili, ikabaki kipofu. Hapo ndipo mkono wa fundi ukaingia.

Ile swichi ya zamani ilipotoka nikaishika. Ndani kulikuwa na vyuma viwili vya kupanda na kushuka. Kimoja kilikuwa kizima. Kingine kilikuwa kimeyeyuka kikagandia mahali pake, mkono unashuka chenyewe hakishuki. Kipande kidogo hivyo, kisichofikia hata kidole gumba changu, ndicho kilichomfukuza Bibi nyumbani kwake. Nyuma ya ubao uliobeba swichi fundi akakuta pia waya uliochubuka umelalia ukuta ule ulionyonya maji. Akautoa, akaweka mpya.

Swichi mpya aliyokuja nayo alitaka kuiweka pale pale juu. Nikamkatalia, Bibi atahitaji kigoda. Akamwita, "Mtani, nyoosha mkono kama unachukua chumvi." Bibi akanyoosha, fundi akaweka alama ya penseli kwenye ncha za vidole vyake. Akapigilia ubao hapo, akaingiza nyaya, akakaza, kisha akauvuta kila waya kwa nguvu kuona kama unatoka. Mimi nilishika tochi, na kwa mara ya kwanza siku ile sikutaka mtu aharakishe.

"Rudisha!" Bibi akaita nyuma.

"Nimerudisha!"

Kisha fundi akasogea pembeni. "Haya, mwenye nyumba."

Bibi aliutazama mchi wake pale kwenye kona, akauacha. Akakausha mikono kwenye khanga, akasema bismillahi, akapandisha. Tak. Taa ikawaka, sura zetu zote zikaonekana na vumbi lake. Akasimama hivyo. Halafu akashusha. Tak. Fundi akapima soketi, tundu hili, tundu lile. Hakuna kitu.

Bibi akaenda kwenye ule ukuta. Hakutumia kidole. Aliweka kiganja chote, akakiacha hapo, macho amefumba. Mwanamke yule mfupi alikuwa ameuambia umeme wote uliotoka huko sijui wapi ukomee kwenye ncha za vidole vyake, na ukakomea.

"Kumbe na wewe unasikia," akauambia ukuta.

Usiku akalala ndani, kitandani kwake. Mimi nilipanga maneno ya kumshinda Mjomba, hoja moja baada ya nyingine, za nyaya mbili na waya uliochubuka. Halafu nikaziacha. Niliamua asubuhi, kabla Mjomba hajawasha kirikuu, nipande na Bibi kichuguuni, nimpigie, nimwamkie, kisha nimpe Bibi simu aseme mwenyewe anakaa wapi, na mimi nisimame pembeni nisitie neno hata moja.