Febronia, fundi wa seva anayepima kazi yake kwa simu za majirani

Saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaro mpya wa Gikondo, mtaa wa Kigali, umeshafika mlangoni pa gereji. Ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi inayofungwa kwa mkutano wa wakazi, na kila mkazi ameshika jembe. Febronia Kamikazi, matope yakiwa yamempanda hadi magotini, anachomeka koleo lake ardhini na kupiga makofi.

"Jamani, kabla ya mkutano naomba simu zenu," anasema. "Andikeni anwani ya tovuti ya uyoga wa Gahanga, kila mtu kama anavyoandika nyumbani. Asiwepo wa kuchungulia kwa mwenzake!"

Watu wanacheka, lakini simu zinatoka mifukoni. Wamemzoea. Zinafika hamsini na kitu: mpya zinazong'aa, zenye vioo vilivyopasuka, na moja iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

Febronia, mwenye umri wa miaka 34, ni fundi wa seva katika kampuni ndogo iliyo juu ya gereji hiyo. Kazi yake ni kuandika kanuni zinazomchukua mgeni wa tovuti kutoka kwenye anwani ya zamani, isiyo na ulinzi, na kumpeleka kwenye anwani salama, ile yenye alama ya kufuli. Mgeni haoni chochote. Kazi ikiharibika ndipo wote wanaiona.

Leo ana sababu ya kuwa roho juu. Tovuti ya ushirika wa wakulima wa uyoga wa Gahanga ilikuwa ikiwapokea wateja kwa onyo la "Si salama". Hoteli moja ya Kimihurura ilikwisha kusema haitaweka oda mahali penye onyo, na ikatoa muda hadi saa sita mchana wa leo. Oda yenyewe ni kilo arobaini kila wiki, kwa mwaka mzima. Kaya 63 zinaisubiri.

Alfajiri, kabla ya kwenda mtaroni, Febronia alikuwa ameweka kanuni mpya. Aliiweka kama ya muda, si ya kudumu, na hapo ndipo penye hadithi.

Alizaliwa Karagwe, Tanzania, akarudi Kigali na wazazi wake akiwa binti. Aliingia katika kampuni hiyo kama mfanya usafi, kwa mshahara wa faranga elfu arobaini kwa mwezi. Alipomaliza kudeki, alikaa nyuma ya mafundi akitazama. Baada ya miaka miwili ya kutazama na kuuliza hadi kuchosha watu, akapewa kiti.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa tovuti ya ushirika huohuo, na aliiboronga vibaya sana. Aliandika kanuni iliyowapeleka wageni kwenye anwani ya majaribio ya ofisini, tena akaiwekea alama ya kudumu. Simu ikishaambiwa kwamba njia ni ya kudumu, huikariri. Alirekebisha seva kwa dakika tano, lakini simu za wakulima ziliendelea kwenda kulekule.

"Nilitembea Gahanga siku tisa, nyumba kwa nyumba, nikifuta kumbukumbu za simu kwa mkono," anakumbuka. "Watu walinipa maji ya kunywa, lakini macho yao niliyaona. Niliona aibu hadi nikatamani kurudi kwenye deki langu."

Mukandekezi, mwenyekiti wa ushirika, hakumficha alichofikiri. Alimpigia bosi wa Febronia na kusema, "Huyu binti musimutume tena kwangu." Hata hivyo bosi hakumnyang'anya tovuti hiyo.

Tangu hapo Febronia haweki kanuni ya kudumu kabla haijapita kwenye mikono ya watu. Na watu wengi wenye simu za kila aina hawapatikani mahali pamoja kirahisi kama siku ya umuganda.

"Yangu iko na kufuli!" anapaza sauti kijana wa gereji.

"Na yangu, sha!" anaitikia mwenzake.

Kisha Mzee Ismaël, fundi cherehani, mwenye ile simu ya mpira, anatikisa kichwa. "Febronia we, yangu iko inazunguka tu. Inakataa kabisa."

"Umeandikaje, mzee wangu?"

"Nimeanza na www, kama ile iko kwa kartoni ya uyoga."

Febronia anaduwaa. Kartoni! Sampuli za uyoga zilipelekwa hotelini ndani ya kartoni hizohizo. Mnunuzi ataandika kilekile alichoandika Mzee Ismaël.

Nahimana, mkuu wa umudugudu, yaani kiongozi wa mtaa, anatazama saa yake. "Febro, mimi nachelewesha mkutano dakika makumi mbili. Kimbia!"

Anapanda ngazi za ofisi na matope yake. Haichukui muda kumwona mchawi: fundi wa zamani aliacha kanuni inayomrudisha kila mgeni wa anwani yenye www kwenye njia isiyo na ulinzi. Kanuni ya Febronia inampeleka kwenye kufuli, ile ya zamani inamtoa, na mgeni anabaki akizungushwa hadi simu inachoka. Anaifuta ile ya zamani, anawasha seva upya, kisha anashuka mbio.

"Jaribu, mzee."

Mzee Ismaël anaandika herufi moja moja, watu hamsini wakiwa wamemzunguka. Ukurasa unafunguka. Kufuli hilo!

"Yego! Ndiyo!" anashangilia mzee, na makofi yanalipuka kana kwamba timu ya mtaa imefunga bao. Kwa kuwa kanuni ilikuwa ya muda, simu yake haikukariri lile kosa.

Saa sita kasorobo oda ya hoteli inaingia. Febronia anaisoma mara mbili, anakaa chini ukingoni mwa mtaro na kulia kwa furaha bila kumficha mtu. Kisha anakwenda kuifanya ile kanuni kuwa ya kudumu.

Siku hizi mshahara wake ni faranga laki mbili na nusu, na tovuti alizozihamishia kwenye usalama zimefika 112. Anachokitaka sasa ni kuwafundisha wengine. Mwezi ujao ataanza darasa la Jumapili mchana huko Gahanga, katika ghala la ushirika, kwa wasichana ambao hawakumaliza shule.

Alidhani angehangaika kupata wanafunzi. Jumatatu iliyofuata, alipofungua daftari la kujiandikisha, simu ya kwanza ilitoka Gahanga.

"Andika Mukandekezi," ilisema sauti. "Miaka makumi tano na nane. Na usiniweke nyuma, macho yangu haioni mbali."