Bodi ya Papa Juu ya Shasi Mpya

Papa, baba yetu, alinunua lori la kijeshi lililokuwa limetupwa, akalipaka rangi ya buluu, na kwa miaka mingi akatulisha kwa kubeba mihogo kutoka Lubondja hadi Baraka. Alipofariki likabaki kwa yaya, kaka yangu mkubwa, ambaye ni dereva. Mimi kazi yangu ni kuchomelea vyuma.

Mwaka uliofuata shasi, fremu ya chini ya lori, iliyokuwa imeliwa na kutu, ilikatika. Yaya akapata shasi ya lori jipya zaidi, injini yake nzima, kabini yake imeungua. Nilimshauri tuunde bodi nyepesi ya mbao. Akakataa.

"Bamama ba soko banajua ile ya papa," akasema. "Bakiiona tu, banaleta mizigo."

Wanaume wa mtaa wakainyanyua ile bodi ya chuma ya papa, pamoja na kabini yake, kwa minyororo na magogo, asubuhi nzima, mpaka ikakaa juu ya shasi mpya. Haikulingana. Matundu ya zamani ya kufungia yaliangukia pengine kabisa. Shasi za siku hizi hazitaki moto. Chuma chake ukikichomelea hulegea pale pale ulipochomelea. Zilihitajika bulo nene, bolti za kukazwa kwa spana, na Baraka hazikuwapo.

"Yaya, tungojee bulo za Uvira."

"Mihogo iko inaoza Lubondja. We ukichomea, itashika ao haitashika?"

Alikuwa amechoka, na watoto wake walikuwa wamefukuzwa shule kwa kukosa karo. Nikasema, "Itashika."

Safari mbili zilikwenda vizuri. Watu walisimama barabarani kulipungia mkono, na yaya akapiga honi kila kijiji. Safari ya tatu, kwenye mteremko wa mto, shasi ilijikunja nyuma ya kabini. Magunia na kile chuma kizito vikamsukuma yaya mbele, vikambana. Walimtoa baada ya masaa mengi. Hospitalini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Kesho yake nilikwenda mtoni peke yangu. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye mstari wangu wa kuchomelea, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Niliupapasa kwa kidole. Halafu nikapanda pikipiki, nikarudi.

Wageni wakija kumpa pole, yaya huwaambia ni barabara, barabara ya Fizi ndiyo ilimla mguu. Mimi huwa nimekaa hapo hapo kwenye kiti cha plastiki. Mke wake hunitilia chai. Nami huinywa.

Siku hizi yaya anauliza jambo moja tu. Jana pia aliuliza.

"Ile lori utaichomea lini?"

Kule mtoni matairi yamekwisha kubebwa. Injini imefunguliwa na watu nisiowajua, na bodi ya papa imekatwa vipande, nimeiona ikiuzwa sokoni kama mabati ya kufunika jiko. Yaya alikuwa ananitazama, magongo yake mapajani.

"Mvua ikipita," nikamwambia.

"Aya," akasema. "Mvua ikipita."